Jina la Nje na Mkono wa Ndani



Juma hili twataka kusema juu ya jambo linalozusha ubishi mara nyingi katika nyumba zetu, sokoni, na hata katika viwanja vya shule: jina lililoandikwa juu ya kitu. Mmoja asema, «Pasi yangu ni bora, kwa maana ina jina kubwa.» Mwenzake ajibu, «Jina hilo si kitu. La kwangu ndilo lijulikanalo Ulaya nzima.» Vijana hubishana juu ya simu na redio, akina mama juu ya majiko na friji, akina baba juu ya pikipiki. Kila mmoja hulishika jina lake kama mtu ashikavyo heshima ya ukoo wake. Lakini ni wachache wanaouliza swali lipasalo kutangulia: Ni nani hasa aliyekifanya kitu hiki?

Ili tupate jibu, tuchukue mfano mmoja tu, yaani mashini ya kufyonza vumbi. Huenda wengi wenu hamna mashini hiyo nyumbani, kwa kuwa ufagio watosha kwa sakafu ya simenti au ya udongo. Lakini mmeiona katika hoteli, katika nyumba za wageni, au katika kanisa lenye zulia mbele ya altare. Tumeichagua kwa sababu historia yake yajulikana tangu mwanzo, na kwa sababu katika historia hiyo jina na kazi viliachana mapema.

Kitambaa juu ya kiti

Zamani, katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani, mazulia mazito yalijaa vumbi mwaka mzima. Watumishi waliyatoa nje, wakayatundika, wakayapiga kwa fimbo. Mwanzoni mwa karne ya 20, injinia mmoja Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alionyeshwa mjini London mashini kutoka Marekani iliyopuliza hewa kwa nguvu ili kuliondoa vumbi. Aliona kwamba vumbi liliruka tu, kisha likarudi palepale. Akajiuliza: Kwa nini kupuliza? Mbona tusivute?

Yasimuliwa kwamba alitandaza kitambaa cha mkononi juu ya kiti katika mkahawa, akaweka mdomo wake juu ya kitambaa, akavuta pumzi kwa nguvu. Alikohoa sana. Lakini alipokigeuza kitambaa, aliona uchafu umeshikamana upande wa chini. Akajua kwamba wazo lake ni la kweli. Mwaka 1901 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Mashini yake ya kwanza ilikuwa kubwa kama gari. Farasi waliivuta mpaka mlangoni pa mteja, nayo ikasimama barabarani ikinguruma, huku mipira mirefu ikipitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumika kusafisha mazulia ya kanisa kuu la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII.

Nanyi wanafunzi, fahamuni kanuni yake, kwa maana haijageuka hata leo. Mota huzungusha feni. Feni husukuma hewa nje, na mahali pake hewa nyingine hukimbilia kuingia. Hewa hiyo iingiapo huchukua vumbi pamoja nayo hadi katika mfuko. Kitambaa cha mfuko huiacha hewa ipite, bali hulizuia vumbi. Basi hapo hapana uchawi wala siri.

Mfagiaji wa Canton

Mashini ya Booth haikufaa jamaa ya kawaida. Ile iliyoingia nyumbani ilitoka katika mikono ya mtu mnyonge. Katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, huko Marekani, aliishi mzee mmoja jina lake James Murray Spangler. Kazi yake ilikuwa kufagia duka kubwa. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, na vumbi alilofagia lilimtesa kifua. Hakuwa na mali ya kuacha kazi. Basi akakusanya vitu alivyoweza kuvipata: mota ndogo ya feni ya umeme, sanduku la sabuni, mpini wa ufagio, na foronya ya mto. Akaviunganisha. Mota ikavuta vumbi, foronya ikalipokea. Hiyo ilikuwa mwaka 1907, na tarehe 2 Juni 1908 alipewa hati ya uvumbuzi wake.

Spangler alikuwa na akili, lakini hakuwa na fedha ya kuanzisha kiwanda kikubwa. Mashini moja iliingia katika nyumba ya mama mmoja aliyemfahamu, Susan Hoover. Mumewe, William Henry Hoover, alikuwa na karakana ya ngozi, akitengeneza hatamu na matandiko ya farasi katika mji wa karibu ambao leo huitwa North Canton. Magari yalikuwa yameanza kuenea, naye aliona kwamba biashara ya farasi itapungua. Akanunua haki ya uvumbuzi mwaka 1908, akaanza kuzitengeneza mashini katika pembe ya karakana yake. Spangler akaendelea kufanya kazi pamoja nao, akafariki mwaka 1915.

Leo Waingereza, wakitaka kusema «kufyonza vumbi», hutumia jina la Hoover kama kitenzi. Jina la mwenye karakana limeingia katika kamusi. Jina la mfagiaji mwenye pumu hulijua watu wachache tu. Hatusemi kwamba Hoover alimnyang'anya; alinunua kwa haki, akatia fedha yake na juhudi yake, na pasipo yeye labda mashini ile ingekufa katika chumba cha Spangler. Lakini tazameni jinsi ilivyokuwa tangu mwanzo: mkono ulikuwa wa mmoja, na jina likawa la mwingine.

Duka lisilo na kiwanda

Baadaye mambo yalizidi. Huko Chicago palikuwa na kampuni kubwa ya biashara iitwayo Sears, iliyouza bidhaa za kila namna kwa kitabu cha orodha kilichotumwa kwa posta mpaka mashamba ya mbali. Kampuni hiyo ilitunga jina lake yenyewe, Kenmore. Jina hilo lilionekana kwanza juu ya cherehani mwaka 1913, kisha juu ya mashini ya kufulia mwaka 1927, na mwaka 1932 juu ya mashini ya kufyonza vumbi. Jamaa nyingi za Marekani zililipenda na kulisifu. Walakini hapakuwa na kiwanda cha Kenmore. Kenmore lilikuwa jina tu.

Mashini za kufulia zilitengenezwa na kampuni ambayo tangu mwaka 1950 yaitwa Whirlpool. Mashini za kufyonza vumbi zilitengenezwa kwa miaka mingi na kampuni ya Birtman ya huko huko Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Whirlpool ikaichukua Birtman, ikaendelea na kazi hiyo. Mwaka 1990 Whirlpool ikafanya ushirika na Matsushita ya Japani, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Panasonic. Kwa hiyo bibi mmoja wa Marekani aliyenunua Kenmore katika ujana wake, na tena katika uzee wake, aliona jina lile lile, akidhani amebaki na fundi yule yule. Kumbe mafundi walikuwa wamebadilika nyuma ya pazia.

Hata hivyo siri hiyo haikufichwa kabisa. Chini ya kila mashini palikuwa na kibao kidogo chenye namba, na tarakimu tatu za kwanza zilimtaja mtengenezaji. Kwa mfano, 110 zilikuwa za Whirlpool. Mpaka leo mafundi na watu wapendao mashini za kale huinamisha mashini, hupangusa kibao, husoma tarakimu zile, na kujua ilizaliwa wapi. Jina la mbele ni la muuzaji. Namba ya chini ndiyo imtajayo fundi.

Je, huo ni udanganyifu?

Swali hili lafaa, nasi hatupendi kulijibu kwa haraka. Tufikirie fundi cherehani wa mtaani ashonaye sare za wanafunzi. Shule ya masista yamletea kitambaa, naye hushona na kutia alama ya shule hiyo kifuani. Juma lijalo shule nyingine yamwendea, naye hutia alama yao. Mkono ni ule ule, sindano ni ile ile, na alama ni mbili. Je, ametenda dhambi? Hapana. Amefanya kazi halali, na kila shule imepata sare yake.

Viwanda hufanya vivyo hivyo kwa sababu zieleweka. Kutengeneza kalibu za chuma za kuumbia sehemu za mashini ni gharama kubwa sana. Kalibu zikisimama bure, ni hasara. Zikifanya kazi usiku na mchana, gharama yagawanyika juu ya vitu vingi, na bei yashuka. Basi mwenye kiwanda hukubali kumfanyia mwenye duka, na mwenye duka hupata bidhaa pasipo kujenga kiwanda.

Lakini ziko njia mbili za kukosea. Ya kwanza ni ya muuzaji: kutwaa kitu hafifu, kukitia jina tukufu, na kukiuza kwa bei ya kitu bora. Na aigizaye jina la mwingine bila ruhusa, kama tuonavyo mara nyingi katika masoko yetu, huyo ni mwizi wa waziwazi. Ya pili ni ya mnunuzi: kulipa fedha ya watoto wake kwa ajili ya herufi tu, ili majirani wazione. Huo ni majivuno, na majivuno hulipishwa ghali. Vitu viwili vikiwa vimetoka katika kiwanda kimoja, vina mota moja na mfuko mmoja, vikitofautiana kwa rangi na jina tu, mwenye kulipa zaidi amenunua nini? Amenunua rangi na sifa.

Majina yanayouzwa sokoni

Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Jina lenyewe huuzwa kama mbuzi, na huweza kugawanywa. Angalieni jina lile la Hoover. Magharibi mwa London, mahali paitwapo Perivale, palijengwa katika miaka ya 1930 kiwanda chake chenye uso mweupe, kizuri kama jumba la mfalme. Kazi ilikoma pale mwaka 1982. Baadaye nyumba hiyo ikawa na duka la vyakula na makao ya watu. Mwaka 1995 Hoover ya Ulaya iliuzwa kwa Candy ya Italia, na mwaka 2019 Candy nayo ikaingia mikononi mwa Haier ya Uchina. Huko Marekani jina lilishika njia nyingine: lilipita kwa Maytag, kisha kwa Whirlpool mwaka 2006, na mwaka 2007 likanunuliwa na kampuni ya Techtronic ya Hong Kong. Hivyo Hoover ya Paris na Hoover ya New York zina jina moja, bali mabwana wawili.

Na Techtronic yenyewe haina jina hilo moja tu. Vax, Dirt Devil na Oreck pia ni zake. Mnunuzi asimamaye dukani akilinganisha majina hayo adhani yupo kati ya washindani. Kumbe ni ndugu wa nyumba moja.

Electrolux ya Uswidi ilipata taabu ya namna nyingine. Mwaka 1968 iliuza sehemu yake katika kampuni ya Marekani yenye jina hilo. Kwa miaka mingi baadaye, Wasweden hawakuweza kuuza mashini zao kule Marekani kwa jina lao wenyewe; walitumia majina mengine, kama Eureka, mpaka walipokubaliana mwaka 2000 kulinunua tena. Kampuni ile ya Marekani ikajiita Aerus. Mtu na jina lake wametenganishwa, naye amelazimika kulilipia ili alirudishe!

Lakini tusicheke tu. Mwaka ule ule wa 2007, katika mji wa North Canton, mahali Hoover alipoanzia katika karakana ya ngozi, milango ya kiwanda ilifungwa. Palikuwa na watu ambao baba zao na babu zao walifanya kazi humo. Jina lilibaki hai, likaendelea kung'aa madukani. Waliolipatia heshima kwa jasho lao ndio waliokwenda nyumbani. Hapo twaona kwamba jina laweza kununuliwa, lakini ujuzi na uaminifu wa watu haufungwi pamoja na jina katika sanduku moja.

Shauri kwa wenye nyumba

Basi, enyi akina baba na akina mama, mtakapotaka kununua chombo cha umeme, kiwe kipya au cha mitumba kutoka Ulaya, fanyeni hivi.

Kwanza, msisome jina la mbele tu. Kigeuzeni chombo, mkitafute kibao cha chini. Hapo mtaona mahali kilipotengenezwa, namba yake, na nguvu ya umeme inayotakiwa.

Pili, tazameni volti. Kwetu Kongo umeme wa nyumbani ni wa volti 220. Marekani ni wa volti 120. Mashini iliyofanywa kwa volti 120 pekee, ikichomekwa moja kwa moja katika umeme wetu, yaweza kuungua papo hapo, hata kama jina lake ni tukufu namna gani.

Tatu, ulizeni juu ya vipuri kabla ya kulipa. Mkanda wa mpira hukatika, mfuko hupasuka, vipande vya kaboni vinavyosugua ndani ya mota huisha. Ni nani atakayeviuza? Ni fundi gani wa mtaani aliyezoea namna hiyo? Na hapa elimu yetu ya leo yaleta faida: ikiwa vyombo viwili vya majina tofauti vilitoka katika kiwanda kimoja, mara nyingi kipuri cha kimoja hukifaa kingine. Fundi mwenye akili huokoa fedha nyingi kwa njia hiyo.

Nne, ombeni chombo kiwashwe mbele yenu, msikilize mota, mguse waya. Matendo ya kitu hushuhudia kuliko maandishi yake. Bwana wetu alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake, wala hakusema tuutambue kwa kibao kilichotundikwa juu yake.

Mkono wetu nao umo

Limebaki neno moja, nalo latuhusu sisi wenyewe. Mashini nyingi mpya za kufyonza vumbi hazina tena waya. Hutumia betri ya kuchajiwa, kama simu. Betri nyingi za namna hiyo zina madini ya kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia huchimbwa hapa Kongo, huko Kolwezi na mahali pengine katika nchi ya Katanga ya zamani. Husafirishwa, husafishwa zaidi Uchina, hutiwa katika betri, betri hutiwa katika mashini, mashini hupewa jina, na mama mmoja wa Ulaya husafisha chumba cha mtoto wake.

Kati ya watu walioitoa kobalti ardhini, wengine huajiriwa katika migodi mikubwa. Lakini wengine huchimba kwa mikono, kwa sululu na koleo, katika mashimo yasiyo na nguzo, nao huuza gunia kwa bei wasiyoipanga wao. Hata watoto wameonekana katika kazi hiyo, wakiosha na kuchambua mawe wakati ambapo wenzao wako darasani. Hakuna kibao chini ya mashini kinachowataja. Tarakimu tatu za Kenmore zilimfichua mwenye kiwanda. Mchimbaji wetu hana hata tarakimu moja.

Ndiyo maana twasema kwamba swali lile, «Ni nani aliyekifanya?», si la fundi tu wala la mnunuzi tu. Ni swali la haki. Anayeuliza kwa kweli hatasimama penye jina, wala hatasimama penye kiwanda; ataendelea mpaka amfikie mtu aliyeinama ardhini, na ataona kwamba mtu huyo ni jirani yake, mwenye jina alilolipata katika ubatizo. Kila mmoja aanzie pale alipo. Mwenye kuajiri amlipe mfanyakazi wake kwa wakati. Mwenye kununua asipunguze bei mpaka fundi akose chakula. Mzazi asimtoe mtoto shuleni kwa ajili ya gunia la mawe. Na mwanafunzi ajifunze vizuri, ili siku moja mota na betri zitengenezwe pia na mikono ya nchi hii, na si mawe peke yake yatoke kwetu.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alikuwa seremala. Hakuna meza wala mlango uliobaki duniani wenye alama yake. Watu wa Nazareti walitumia kazi yake, wakafungua milango aliyoipachika, nao labda hawakumkumbuka. Lakini Mungu alijua ni mkono gani uliopiga randa ule ubao, akamkabidhi Mwanawe.

Basi, wapenzi wasomaji, mtakapoona tena jina kubwa liking'aa juu ya chombo, kigeuzeni kwanza mtazame chini. Kisha mkumbukeni kwa sala fupi mtu yule ambaye jina lake halikuandikwa popote.